Badilisha Mwenyewe Matairi ya Mashine ya Nyasi

Mashine nyingi za kukatia nyasi zile za kukalia hazina springi. Fremu imekalia ekseli, ekseli zimekalia matairi, na kava lenye visu limening'inia chini ya fremu hiyo hiyo. Maana yake ni kwamba urefu wa nyasi zako unapimwa kuanzia kwenye matairi. Tairi moja la nyuma likipungua upepo kidogo tu, kava linainama upande huo, visu vinakata chini zaidi, na uwanja unabaki na ngazi zinazoonekana tangu barabarani. Nimeona watu wakinoa visu, wakibadilisha mkanda, wakiagiza hadi beringi mpya za visu, kumbe mwenye kosa ni tairi lililochoka ambalo hakuna aliyeliinamia kulitazama.

Makala haya namwandikia yeyote anayemiliki au kutunza mashine hiyo. Wapo ndugu zetu walionunua nyumba zenye uwanja mkubwa Texas, Ohio au Minnesota. Wapo vijana wa Kigoma na Bukavu wanaojipatia riziki Kentucky kwa kukata nyasi za watu, ambao mashine ikilala siku mbili ni mapato ya siku mbili yamekwenda. Na huku nyumbani wapo wasimamizi wa shule, hoteli na viwanja vya gofu ambao mashine ni moja na vipuri viko mbali. Wote nawaambia neno moja: kazi hii mnaiweza. Haihitaji karakana. Inahitaji utulivu, na heshima kwa hatua tatu, yaani kuinua mashine, kubandua tairi kwenye rimu, na kujaza upepo.

Kabla ya kutoa pesa, hakikisha tairi limekwisha kweli. Kupungua upepo usiku kucha si dalili ya kifo. Koroga maji na sabuni ya vyombo, upake kwenye valvu, kwenye kashata zote, na pale mpira unapokutana na rimu. Mapovu yakitoka kwenye valvu, tatizo ni valvu, nayo ni kipande cha mpira cha bei ndogo. Yakitoka kwenye ukingo wa rimu, mara nyingi ni kutu. Tairi likibanduliwa, rimu ikasuguliwa kwa brashi ya waya na kupakwa rangi, unaweza kulitumia misimu mingine. Msumari uliochoma katikati ya kashata unazibika kwa ule uzi wa mpira wa fundi pancha. Lakini ukiona nyuzi zimetokeza, au ubavu umevimba, au mipasuko ya ubavuni inafunguka unapoiminya kwa kidole gumba, acha kupoteza gundi. Jua limeshakula mpira huo, na kiraka cha ubavuni hakishiki.

Kipara nacho kina uzito wake, hasa kama uwanja wako una mteremko. Kwenye uwanja tambarare tairi lenye kipara litateleza kidogo kukiwa na umande, basi. Kwenye mteremko linaweza kukushusha na mashine yenye uzito wa kilo 200 au zaidi huku visu vinazunguka. Vitabu vingi vya mashine hizi vinakataza kupanda mteremko unaozidi nyuzi 15, vingine vinaishia 10, na hesabu hiyo ni ya matairi yenye kashata. Mwenye mteremko asisubiri nyuzi za ndani ya tairi zionekane.

Tairi lenyewe linasomwa ubavuni. Kwenye matrekta madogo ya nyumbani utakuta mara nyingi 15x6.00-6 mbele na 20x8.00-8 nyuma, au 18x8.50-8. Namba ya kwanza ni kimo cha tairi likiwa na upepo, ya pili ni upana, ya tatu ni kipenyo cha rimu, zote kwa inchi. Ile ya tatu haibadiliki kwa namna yoyote, kwa sababu tairi la rimu ya 8 haliingii kwenye rimu ya 6. Ya kwanza nayo usiichezee, maana ukipandisha kimo cha nyuma peke yake umeinamisha kava lote mbele. Upana unaweza kuongezeka kidogo kama kuna nafasi ya kutosha kati ya tairi na kava, lakini sioni faida kubwa kwa mtu wa kawaida. Andika namba zilizopo, nunua zile zile.

Nunua mawili mawili. Tairi jipya upande mmoja na lililolika upande wa pili yana vimo tofauti, na tofauti hiyo unaikuta moja kwa moja kwenye nyasi. Isitoshe, magurudumu ya nyuma yanayotofautiana kimo yanaifanya difu ifanye kazi hata unapokwenda mbele moja kwa moja.

Kashata nazo zichague kwa kazi. Zile fupi, pana, zilizopangika karibu karibu zimetengenezwa kwa ajili ya nyasi na haziparui ardhi. Zile ndefu za mshazari, za trekta la shamba, zinashika vizuri kwenye tope na kilima, lakini ukikata kona kali zinang'oa nyasi na mizizi yake. Kama ardhi yenu ina miba, iwe ya migunga huku kwetu au ya mesquite kule Texas, lipa zaidi upate tairi la ply 4 badala ya 2. Unaweza pia kuweka tyubu. Tyubu inafaa hasa pale ambapo rimu imeliwa na kutu kiasi kwamba haishiki upepo tena, ila rimu hiyo uisugue hadi ilainike kwanza, la sivyo kutu itaitoboa tyubu kutoka ndani.

Hapa nitoe ushauri ambao unaweza kukuokolea jasho. Si lazima ufanye kila kitu. Unaweza kung'oa gurudumu mwenyewe, ukalipeleka peke yake kwa fundi pancha akabadilisha mpira, ukarudi ukalifunga. Gharama kubwa ya kupeleka mashine gereji ni kuibeba kwenda na kurudi, na hiyo umeiepuka. Kwa magurudumu madogo ya mbele, mimi hupendekeza ununue gurudumu zima, yaani tairi likiwa tayari kwenye rimu, kama linapatikana. Tairi la rimu ya inchi 6 lina ubavu mfupi na mgumu, na nafasi ya kuingiza chuma ni finyu. Ni gumu kuliko la gari. Pima tu tundu la katikati na urefu wa kitovu cha gurudumu kabla ya kuagiza. Matundu mengi ni ya robo tatu ya inchi, lakini urefu wa kitovu unatofautiana na hapo ndipo wengi huagiza kisichoingia. Ya nyuma ni makubwa na yanabandulika kwa urahisi zaidi, hayo yafanye kwa mikono yako.

Sasa kuinua. Egesha mashine kwenye saruji au ardhi ngumu iliyo sawa, teremsha kava, zima, toa ufunguo, subiri injini ipoe, kisha chomoa waya wa plagi. Halafu elewa jambo hili ambalo halisemwi vya kutosha: breki ya kuegeshea kwenye nyingi ya mashine hizi inafanya kazi kwenye giaboksi, juu ya magurudumu ya nyuma tu. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu inaliachia lile lililobaki chini lizunguke, na breki uliyoivuta haina kazi tena. Mashine inaweza kuviringika ikaanguka kutoka kwenye jeki. Kwa hiyo weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ambayo hayainuliwi, kila safari, hata kama sakafu inaonekana tambarare. Bolti za gurudumu, kama zipo, zilegeze kabla ya kuinua.

Jeki iweke chini ya ekseli ya mbele au chini ya fremu. Usiiweke chini ya kava la visu, ambalo ni bati lililoning'inizwa na litapinda, wala chini ya feni au giaboksi yenyewe. Ikishapanda sentimita chache, egemeza fremu juu ya stendi au magogo imara yaliyokatwa sawa. Mkono wako usiingie chini ya kitu kinachoshikiliwa na jeki peke yake. Inua upande mmoja, maliza, ndipo uhamie wa pili, kwani gurudumu ambalo hujaligusa ndilo litakalokukumbusha vitu vilipangwaje.

Gurudumu la mbele utalikuta na kofia ya plastiki au mpira katikati. Ing'oe kwa bisibisi bapa. Ndani kuna klipu ndogo ya chuma yenye umbo la herufi E, imebana kwenye mfereji mwishoni mwa ekseli. Isukume kutoka upande wake ulio wazi, na uifunike kwa kitambaa unapofanya hivyo, kwani hufyatuka na kupotelea kwenye nyasi, au hulenga jicho. Vaa miwani. Nyuma ya klipu kuna washa, pengine mbili tatu za unene tofauti. Zipige picha kabla ya kuzitoa, uzipange kwenye kibao kwa mfuatano wake. Gurudumu linatoka kwa kulivuta.

La nyuma lina namna mbili. Kwenye mashine kubwa limefungwa kwa bolti kama la gari, na hilo halina siri. Kwenye matrekta mengi madogo limechomekwa kwenye ekseli na kubanwa na klipu kama ya mbele, lakini kinacholizungusha ni kijipande cha chuma cha mraba kilicholala ndani ya mfereji wa ekseli na kuingia kwenye mfereji mwingine wa rimu. Kipande hicho, ambacho ni chembamba kuliko kidole cha mtoto, ndicho kinachobeba nguvu yote ya injini kuipeleka kwenye gurudumu. Ukivuta gurudumu kwa pupa kinadondoka bila kelele. Ukifunga bila hicho, injini itaunguruma, ekseli itazunguka ndani ya rimu, na mashine haitasogea. Kitafute, kifute, kiweke mfukoni uliofungwa zipu.

Gurudumu hili pia ndilo linaloganda. Kutu ya miaka hujenga kati ya rimu na ekseli hadi vikawa kitu kimoja. Nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, zungusha, nyunyiza tena, uache hadi kesho. Kisha gonga rimu karibu na kitovu kwa nyundo ya mpira, ukitanguliza kipande cha ubao, huku mwenzako akizungusha gurudumu kidogo kidogo. Likikataa, azima pula, kile kifaa cha kuvutia gurudumu. Usipige ncha ya ekseli kwa nyundo ya chuma: kila pigo linaingia hadi ndani ya giaboksi, na giaboksi ndicho kifaa cha bei kubwa baada ya injini.

Gurudumu likiwa chini, toa kiini cha valvu upepo wote uishe. Sasa kazi ni kubandua mdomo wa tairi, ule ukingo mgumu wenye waya ndani unaokumbatia rimu. Kwa mwenye jiliwa kubwa, bana ubavu wa tairi ndani yake karibu kabisa na rimu, kaza, legeza, zungusha, kaza tena, mpaka usikie mdomo unaachia. Asiye na jiliwa alaze gurudumu chini, aweke ubao mnene juu ya ubavu pembeni mwa rimu, na kulipitisha gari taratibu juu ya ubao. Maji ya sabuni yamiminike muda wote. Fanya hivyo pande zote mbili.

Kulitoa kuna siri moja, na ukiijua umemaliza nusu ya kazi. Tazama rimu vizuri: katikati yake kuna bonde, sehemu iliyozama kuliko kingo. Mdomo wa tairi haunyumbuki kwa sababu ya waya ulio ndani, kwa hiyo hautapita juu ya ukingo wa rimu kama upande wa pili umekalia juu pia. Piga goti juu ya tairi upande ulio mbali nawe, usukume mdomo wake uzame ndani ya bonde. Papo hapo upande wako unapata nafasi, na vyuma viwili vya kubandulia, hata vile vya mafundi wa pikipiki, vinautoa bila kuukwangua. Anayetumia nguvu nyingi hapa ujue upande wa pili haujazama bondeni. Wakati wa kuingiza jipya sheria ni hiyo hiyo.

Rimu ikiwa uchi, isugue kutu, ipake rangi, iache ikauke. Kata valvu ya zamani na uvute mpya kwa plaisi, ikiwa imepakwa sabuni. Inayotumika sana ni TR413. Usirudishe valvu nzee kwenye tairi jipya. Kama tairi lina mshale ubavuni, ufuate mwelekeo wa kwenda mbele kabla hujaanza kulisukuma, kwa sababu hutapenda kulitoa tena.

Kujaza upepo ndiko kunakowashinda wengi. Tairi jipya limebanwa dukani na midomo yake haifiki kwenye kingo za rimu, hivyo upepo unatoka kadiri unavyoingia. Zungushia mkanda wa kufungia mizigo katikati ya kashata, ukaze hadi mbavu zitanuke na kugusa rimu. Paka sabuni. Acha kiini cha valvu kikiwa nje ili upepo wa kompresa uingie kwa kishindo. Mdomo ukishashika, legeza mkanda mara moja, ondoa hosi, rudisha kiini, kisha ongeza taratibu. Matairi mengi ya aina hii yameandikwa ubavuni kwamba wakati wa kukalisha mdomo upepo usizidi PSI 30. Liheshimu andiko hilo, na usiinamie tairi linapojazwa. Kama limekataa, toa upepo, ongeza sabuni, anza upya.

Wapo wanaomwaga petroli au kupuliza dawa ya kuwashia injini ndani ya tairi na kuliwasha kiberiti ili liruke lishike. Nakuomba usifanye hivyo, hata kama umemwona mtu akifaulu. Rimu imewahi kuwapasukia watu usoni, na gesi inayobaki ndani inaweza kuwaka baadaye.

Likishakaa, tazama ule mstari mwembamba uliochorwa ubavuni karibu na rimu. Uwe na umbali ule ule kutoka kwenye rimu mzunguko mzima. Kisha punguza upepo hadi kipimo cha kazi. Trekta nyingi ndogo hutaka kama PSI 14 mbele na 10 nyuma, lakini kitabu cha mashine yako ndicho chenye kauli. Geji ya gari haifai hapa, kwa sababu kwenye vipimo vidogo hivyo inakisia. Tafuta ile inayosoma kuanzia sifuri hadi 20.

Kabla ya kurudisha gurudumu, futa ekseli hadi ing'ae na uipake grisi ya kuzuia kutu kushikamana. Dakika hizo mbili ndizo zitakazoamua kama safari ijayo utahitaji pula. Kwenye magurudumu ya mbele angalia bushi au beringi. Zikilegea gurudumu linayumba na tairi jipya litalika upande. Rudisha kijipande cha mraba kwenye mfereji wake, sukuma gurudumu, weka zile washa kwa mfuatano wa picha yako, kisha klipu. Klipu iliyopanuka ukiitazama usiirudishe, weka mpya. Kwenye zile za bolti, kaza kwa kuvusha kutoka moja kwenda ya mkabala wake.

Usikimbilie kukata nyasi bado. Matairi mapya yana kimo kingine kuliko yaliyolika, na kava lilikuwa limerekebishwa kufuata yale ya zamani. Mashine ikiwa kwenye saruji, waya wa plagi ukiwa umechomolewa na mikono ikiwa na glavu nene, zungusha kisu kielekee kushoto na kulia na upime kutoka ncha hadi sakafuni. Pande hizo zisipishane zaidi ya milimita 3 hivi. Kisha kigeuze kielekee mbele na nyuma: ncha ya mbele iwe chini kuliko ya nyuma kwa milimita 3 hadi 10, kutegemea kitabu kinavyosema. Nati za kurekebishia ziko kwenye vining'inizio vya kava. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, na bila hiyo unaweza kuwa na matairi mapya na uwanja mbaya vile vile.

Baada ya kukata mara ya kwanza, pima upepo tena na uguse kila bolti kwa spana, kwani rangi mpya na kutu iliyobaki hukaa na kuacha nafasi. Na yale matairi ya zamani usiyachome, moshi wake ni sumu, wala usiyatupe nyuma ya nyumba, yatashika maji ya mvua na mbu watazaliana humo. Yarudishe kwa muuzaji au yapeleke panapopokewa taka za mpira katika mji wako.